Chokaa hukomaa polepole: kwa nini kuta za kale hazitaki haraka

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

WAHENGA walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ufa huo uzibwe kwa kitu gani. Kwa majengo ya kale ya mwambao, kuanzia Tongoni na Pangani hadi Kilwa na Unguja, swali hilo ndilo linaloamua kama ukuta utaishi miaka mingine mia moja au utamomonyoka mikononi mwa wale wale waliokuja kuuokoa.

Majengo hayo yaliinuliwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mengi yakiwa yamesimama karne kadhaa kabla ya saruji ya leo kubuniwa. Saruji hiyo ilipewa hataza nchini Uingereza mwaka 1824. Msikiti na makaburi ya Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, ni ya zamani mno kuliko mwaka huo.

Fundi anayeitwa leo kuyakarabati, awe ametoka Tanga mjini, Korogwe au Mazingara wilayani Handeni, kwa kawaida amejifunza kazi yake kwa saruji. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza kuizalisha mwaka 1966, na kile cha Pongwe, Tanga, mwaka 1980. Katika vijiji vya bara ya Tanga, mtoto wa fundi hutoka kwenye nyumba ya fito na udongo akaingia moja kwa moja kwenye tofali na saruji, bila kuipitia chokaa ya pwani.

Si kosa lake. Lakini chokaa na saruji hushika kwa njia mbili tofauti kabisa. Asiyeijua tofauti hiyo anaweza kufanya kazi nadhifu ya kuvutia macho, kisha ikaanguka baada ya misimu michache ya mvua, tena ikiwa imeondoka na jiwe la asili.

Jiwe linalorudi kuwa jiwe

Chokaa huanza safari yake ikiwa jiwe. Matumbawe, makome ya baharini na mawe ya chokaa ya nchi kavu, kama yale yenye mapango ya Amboni karibu na Tanga, yote kwa sehemu kubwa ni madini ya aina moja yaitwayo kalsiamu kaboneti.

Jiwe hilo likichomwa hadi kufikia nyuzi joto zipatazo 900 za Selsiasi, hutoa hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake. Kilo 100 za jiwe safi hubakiza kilo 56 tu za chokaa mbichi. Kilo 44 zote huondoka angani. Ndiyo maana jiwe lililotoka kwenye tanuri huwa jepesi hata kama umbo lake halikubadilika.

Waashi wa pwani walipanga magogo katika duara, wakarundika vipande vya matumbawe juu yake na kuwasha moto. Kilichobaki kilimwagiwa maji au kuachwa kinyeshewe na mvua.

Hatua hiyo ya maji ni ya hatari. Chokaa mbichi ikikutana na maji huchemka, hutoa mvuke na kupasuka yenyewe hadi kuwa unga au ugali mweupe. Kilo 56 zilizotoka motoni hunywa kilo 18 za maji na kuwa kilo 74. Atakayefanya kazi hiyo bila kufunika macho na mikono anaweza kupoteza uwezo wa kuona.

Ugali huo ukihifadhiwa chini ya maji hauharibiki. Kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kulainika. Mwandishi wa Kirumi, Plinio, aliyeishi katika karne ya kwanza, aliandika kuwa sheria za kale za ujenzi zilikataza mkandarasi kutumia chokaa isiyotimiza miaka mitatu.

Kisha huja hatua ya mwisho, ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Chokaa ikichanganywa na mchanga na kuwekwa ukutani, huanza kuivuta tena hewa ya ukaa kutoka angani. Zile kilo 74 huchukua kilo 44 za hewa hiyo, huachia kilo 18 za maji, na kurudi kuwa kilo 100 za jiwe. Duara limefungwa: jiwe limekuwa chokaa, na chokaa imekuwa jiwe.

Kukauka na kukomaa

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Mtu akiona chokaa imekuwa ngumu kidogo na nyeupe, husema imekauka na kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba kukauka na kukomaa ni mambo mawili.

Kukauka ni maji kuondoka. Kukomaa ni hewa ya ukaa kuingia. La kwanza likifanyika haraka mno, la pili husimama.

Sababu yake ni kwamba hewa ya ukaa haiwezi kuungana na chokaa iliyo kavu kabisa. Ni lazima kwanza iyeyuke katika utando mwembamba wa maji uliomo ndani ya vitundu vya mchanganyiko. Jua la mchana na upepo vikiumaliza utando huo siku ya kwanza, chokaa hubaki unga ulioshikana kwa bahati. Mtu akiupitisha ukucha, unga hudondoka.

Kwa upande mwingine, ukuta uliolowa chepechepe nao haukomai. Vitundu vikijaa maji, hewa hukosa njia, kwa kuwa gesi hiyo husafiri ndani ya maji kwa mwendo mdogo takriban mara 10,000 kuliko inavyosafiri hewani. Kinachotakiwa ni unyevu wa wastani: si ukavu wa jangwa, si mafuriko.

Isitoshe, chakula chenyewe ni kidogo. Katika kila sehemu 10,000 za hewa tunayovuta, hewa ya ukaa ni kama sehemu 4 tu. Chokaa hula kijiko kwa kijiko.

Tena, kadiri ngozi ya nje inavyogeuka kuwa jiwe, ndivyo hewa inavyopata shida kupenya ndani. Kanuni ya jumla ni kuwa kina kikizidi mara mbili, muda huzidi mara nne. Tuchukue mfano: ikiwa hewa ilitumia mwezi mmoja kufika kina cha milimita 5, itahitaji miezi minne kufika milimita 10, na miezi 16 kufika milimita 20. Katika kuta nene sana za Ulaya imepata kukutwa chokaa ambayo kiini chake bado hakijakomaa baada ya mamia ya miaka.

Ndiyo maana chokaa hupigwa kwa tabaka nyembamba. Plasta ya milimita 10 ikiachwa ishike kabla ya kuongezwa nyingine hukomaa. Ya milimita 40 iliyobandikwa kwa siku moja hupasuka nje na kubaki laini ndani. Shimo kubwa halijazwi kwa chokaa tupu, bali hupachikwa vipande vya mawe ili chokaa ibaki kuwa kiunganishi tu.

Kinga yake haihitaji mitambo. Ukuta wa kale hulowanishwa kabla ya kazi ili usinyonye maji ya mchanganyiko mpya. Baada ya kazi hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, na Korogwe, wilaya ya mkonge, haipaswi kukosa magunia ya katani. Magunia hayo hunyunyiziwa maji mara kadhaa kwa siku, kwa siku nyingi, huku yakiachiwa nafasi kidogo ili hewa ipite.

Msimu nao una neno. Mvua kubwa za masika, kati ya Machi na Mei, huweza kuosha chokaa changa. Jua la Januari na Februari huikausha kabla ya wakati. Miezi ya Juni hadi Septemba, yenye ubaridi wa wastani, ndiyo rafiki zaidi kwa kazi ya namna hii katika mkoa wa Tanga.

Uji wa ndani ya ukuta

Mpaka hapa tumezungumzia uso wa ukuta. Lakini kuta nyingi za kale zina nyuso mbili za mawe yaliyopangwa vizuri, na katikati yake kuna kifusi cha vipande vidogo na chokaa. Maji ya paa bovu yakiingia humo kwa miaka, chokaa ya katikati huoshwa na kuacha mapango. Kwa nje ukuta unaonekana mzima; ukigongwa hulia kama ngoma.

Tiba yake ni kumimina ndani uji mwepesi wa chokaa unaoweza kupenya kwenye nyufa na kujaza mapango hayo. Hapo ndipo lilipo fumbo ambalo fundi hana budi kulifahamu: ndani ya ukuta hakuna hewa ya kutosha. Uji wa chokaa safi ukimiminwa humo utabaki ugali kwa miaka, kwa sababu kile kinachoukomaza hakiufikii.

Kwa hiyo uji huo lazima uwe na uwezo wa kushika kwa maji, pasipo kusubiri hewa. Njia ziko mbili.

Ya kwanza ni kutumia chokaa iliyochomwa kutokana na jiwe lenye udongo wa mfinyanzi ndani yake. Mhandisi Mwingereza, John Smeaton, aliitumia chokaa ya namna hiyo alipojenga mnara wa taa wa Eddystone, katikati ya bahari, kati ya mwaka 1756 na 1759. Alitambua kuwa mawe yenye mfinyanzi hutoa chokaa inayoshika hata chini ya maji.

Ya pili ni kuichanganya chokaa safi na kitu kinachoitwa pozolana. Jina hilo linatokana na Pozzuoli, mji ulio karibu na Naples nchini Italia, ambako Warumi walichimba majivu ya volkano. Majivu hayo yana silika ambayo, ikikutana na chokaa na maji, huunda kiunganishi kigumu kisichohitaji hewa.

Afrika Mashariki haina upungufu wa vitu hivyo. Yapo majivu ya volkano upande wa Kilimanjaro. Yapo matofali ya udongo yaliyochomwa kwa moto wa wastani, kama yale ya matanuri ya vijijini, ambayo yakisagwa laini huwa pozolana. Zipo pia pumba za mpunga, ambazo hupatikana mahali kama Mombo wilayani Korogwe penye skimu ya umwagiliaji. Zikichomwa kwa moto usiozidi kiasi, majivu yake hujaa silika ya aina inayofaa.

Waashi wa Unguja nao walikuwa na desturi ya kuchanganya chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Hata hivyo, si kila udongo wala kila tofali hufaa. Mchanganyiko hujaribiwa kwanza: donge la chokaa na pozolana hufungwa ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa wiki kadhaa. Likibaki laini, halina kazi ndani ya ukuta.

Kuumimina uji huo nako ni kazi ya subira. Nyufa za nje huzibwa kwanza, mirija hupachikwa kwa safu, na ukuta husafishwa kwa maji ili kuondoa vumbi. Kazi huanzia chini kwenda juu. Uji ukitokea kwenye mrija wa juu, ule wa chini huzibwa.

Mshawasha wa kujaza ukuta wote kwa siku moja ndio unaoua. Safu ya uji yenye kimo cha mita 1 husukuma sehemu ya chini kwa nguvu inayozidi uzito wa tani 1 kwa kila mita ya mraba. Ikifika mita 3, ni zaidi ya tani 3. Ukuta uliochoka hauwezi kuhimili msukumo huo. Uso wake hufumuka na kuanguka juu ya mafundi. Kwa sababu hiyo humiminwa kimo kidogo, husubiriwa kishike, ndipo huongezwa kingine.

Kwa nini saruji haifai

Msomaji anaweza kuuliza: kama tatizo ni muda, kwa nini isitumike saruji, inayofikia sehemu kubwa ya nguvu zake ndani ya siku 28?

Jibu ni kwamba nguvu hizo ndizo zenye madhara. Jengo la kale hupumua na kucheza. Mchana hutanuka, usiku hunywea, na msingi wake hutitia kidogo kidogo. Kiungo cha chokaa hukubali mwendo huo, na kikipasuka ufa mdogo, maji ya mvua huweza kuyeyusha chokaa kidogo na kuiacha tena ndani ya ufa. Kiungo cha saruji hakikubali. Kitu kimoja lazima kipasuke, nacho huwa ni jiwe la matumbawe ambalo ni laini zaidi.

Jambo la pili ni maji. Ukuta wa pwani hunyonya unyevu kutoka ardhini na chumvi kutoka baharini. Ukiwa na plasta ya chokaa, unyevu hutokea usoni na kukauka. Ukifunikwa kwa saruji, unyevu hukosa mlango. Chumvi huganda nyuma ya plasta, huvimba, na kuubandua uso wa jiwe. Plasta huanguka kama sahani, ikiwa imebeba sehemu ya jengo.

La tatu ni mbao. Dari za nyumba za kale za Pangani na Mji Mkongwe wa Zanzibar zimebebwa na boriti za mikoko zilizochomekwa ukutani. Ukuta usiokauka huozesha vichwa vya boriti hizo mahali ambapo jicho halifiki. Mwenye nyumba hugundua siku dari linapolegea.

Ubora wa nyenzo una maana katika dhana hii: katika jengo la kale kiungo kinatakiwa kiwe dhaifu kuliko jiwe. Kiungo kibovu hukwanguliwa na kuwekwa kingine. Jiwe lililochongwa karne ya 15 halina mbadala.

Gharama ya kuchelewa na ya kuharakisha

Uzito wa jambo hili ulionekana Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al Ajaib ya Zanzibar, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilipoporomoka wakati kazi za ukarabati zikiendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Jumba hilo limo ndani ya Mji Mkongwe, uliowekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Haifai kulibebesha tukio hilo sababu moja, wala makala haya hayafanyi hivyo. Linalodhihirika ni kuwa jengo la mawe na chokaa ambalo limefikia hatua ya kukarabatiwa tayari ni mgonjwa, na mgonjwa huweza kufa akiwa mikononi mwa tabibu.

Upo pia mfano wa matumaini. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004. Baada ya miaka ya kazi ya kuyahifadhi, yaliondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014. Miaka 10 ni muda mrefu kwa bajeti, lakini ni muda mfupi kwa chokaa.

Hapo ndipo penye mgongano mkubwa. Mikataba ya ujenzi huandikwa kwa kalenda ya saruji: kazi huanza, mwaka wa fedha huisha, mkandarasi hukabidhi na kulipwa. Kipimo cha nguvu huchukuliwa siku ya 28. Chokaa ya hewa ikipimwa siku hiyo huonekana imeshindwa, wakati ndiyo kwanza inaanza. Mkandarasi anayetaka kufaulu mtihani huo huongeza saruji kidogo kwenye mchanganyiko, na msimamizi asiyejua hufurahi.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, majengo ya Tanzania Bara yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863 yana ulinzi. Lakini sheria haichanganyi chokaa. Kinachohitajika ni mikataba inayotaja aina ya chokaa, kiasi cha pozolana, siku za kulowanisha na miezi ya kufanya kazi. Na inayozuia sehemu ya malipo hadi ukuta upite masika yake ya kwanza.

Kipo na kipimo rahisi ambacho msimamizi anaweza kukidai. Kimiminika kiitwacho fenolftaleini, kinachotumika katika maabara za shule za sekondari, hugeuka rangi ya waridi kikigusa chokaa isiyokomaa. Kipande cha mchanganyiko huvunjwa, hudondoshewa kimiminika hicho hapo hapo, na sehemu iliyokwisha kuwa jiwe hubaki bila rangi. Kwa rula ya kawaida mtu anaweza kupima hewa imefika wapi. Hakipimi nguvu, lakini kinaonyesha safari imefika hatua gani.

Chokaa yenyewe itokane na mawe ya nchi kavu, kwani kuvunja matumbawe hai baharini ni kuharibu mazalia ya samaki. Mchanga uwe wa mtoni na safi. Ule wa ufukweni huingiza chumvi ukutani kabla bahari haijafanya hivyo. Kipimo cha sehemu 1 ya chokaa kwa sehemu 3 za mchanga kimezoeleka kwa kuanzia, ingawa kila mchanga una mahitaji yake.

Kijana wa Mazingara au Korogwe mwenye mwiko mkononi anaweza kuyajifunza haya yote, kwa sababu hayahitaji mtambo wala lugha ya kigeni. Yanahitaji maji, magunia, kivuli na mwalimu. Mafundi wazee wanaoijua chokaa wanazidi kupungua, na ufundi usiorithishwa haukarabatiwi kwa chokaa wala kwa saruji.

Kwa anayemiliki nyumba ya kale, ushauri ni mfupi. Anza na paa, kwa kuwa hakuna chokaa inayoweza kushindana na maji yanayoshuka kila mvua. Kisha mwulize fundi swali moja kabla ya kumpa kazi: ukimaliza kupiga plasta hii, utarudi kuilowanisha kwa siku ngapi? Akikujibu kuwa kesho itakuwa imekauka, mtafute mwingine.